Kadi ya Kumfufua Radi ya Salgaa

Salgaa,
9 Machi 2025

Shemeji Kihara,

Salamu nyingi kama mawe ya huko kwenu Mai Mahiu. Mimi ni mzima. Hilo neno mzima lisome tena polepole, utaona kwa nini. Mke wangu Linah pia ni mzima, ila goti lake linatabiri mvua na mvua haiji. Ng'ombe wetu mweupe amezaa ndama dume. Hana faida yoyote, anakula na kupiga kelele, kwa hiyo tumemwita Kihara. Mwambie dada yangu Chepngeno sufuria yake kubwa bado iko kwangu na siirudishi, maana alinipa mpumbavu awe shemeji na mimi sikurudishiwa chochote.

Sasa jambo lenyewe.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Chepchirchir, ile hoteli ya madereva wa malori, na sahani ya matumbo mbele yangu. Redio ilikuwa juu ya friji. Ilikuwa ile programu ya Enzi Zile ya stesheni ya Nakuru, yule msichana Jepkemei anasoma kadi za salamu kama tulizokuwa tukiandika sisi mwaka wa themanini na kitu, halafu anapiga muziki wa wakati ule ambao mama yake alikuwa bado hajazaliwa vizuri. Nikasikia kadi imetoka kwa Daktari wa Mapenzi wa Mai Mahiu. Nikasema, huyo mpumbavu ni wangu, ongezeni sauti! Wakaongeza. Ndipo yule msichana akasoma, kwa sauti ya kulia kabisa, kwamba Daktari anamkumbuka kwa majonzi shemeji yake, marehemu Radi ya Salgaa.

Kijiko kilikuwa mdomoni, shemeji. Sikujua nimeze ama niteme.

Kando yangu alikuwa dereva mmoja anaitwa Makhanu, anayebeba saruji kutoka huko chini. Akavua kofia. "Pole, mzee. Huyo Radi ulimjua?"

Nikamwambia, "Kidogo."

Jioni Linah ametoka kanisani akakuta wamama kwenye uwanja wetu na unga wa matanga, wanauliza nimelazwa wapi. Nilikuwa nimelazwa kitandani, nimevua viatu. Waliponiona walipiga nduru, wakasali, halafu wakaondoka na unga wao. Hilo la unga ndilo lililoniuma.

Simu sikupigii. Mwaka jana ulinikatia nikiwa katikati ya tusi na mpaka leo tusi hilo liko hapa kifuani linanisumbua kama kiungulia. Barua huwezi kukata. Makhanu ataileta, analala hapa akipanda na kunywa chai huko kwenu akishuka.

Ninataka kitu kimoja. Uliniua redioni, unifufue redioni. Kwa mdomo huo huo, kwa jina hilo hilo, saa hiyo hiyo ya Jumapili. Usiniambie habari ya kuomba msamaha nyumbani kwangu kimya kimya. Watu hawakusikia kimya kimya kwamba nimekufa.

Mimi, mwili mzima na mdomo wake,
Kipyegon, yaani Radi ya Salgaa

*

Mai Mahiu,
30 Machi 2025

Kwako Bwana Kipyegon,

Nimepokea barua yako ikiwa na harufu ya dizeli na alama ya kikombe cha chai, na nimeisoma licha ya mwandiko wake. Sisi hapa hatujambo. Chepngeno anakusalimu na anataka sufuria. Binti yetu Wanjugu amepandishwa cheo huko kazini Naivasha. Mvua ya wiki jana ilibomoa kingo za barabara, malori yakakwama siku nyingi, ndiyo sababu jibu hili limechelewa. Usidhani nilikuwa nikitafuta maneno. Maneno ninayo.

Unalalamika umeuawa. Nikukumbushe mambo ambayo wewe, kwa kuwa uliacha shule darasa la sita ukakimbilia kuwa tanboi wa lori, huenda huna mahali pa kuyahifadhi. Mwaka wa 1986 Klabu yetu ya Salamu ya Bonde ilikutana Nakuru. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa pareto na niliweza kuandika mstari ulionyooka. Katika mkutano huo mtu mmoja alisimama, amevaa suruali inayofika chini ya matiti, akapendekeza sheria: mwanachama akisalimiwa redioni na asijibu kwa mwaka mzima, ahesabiwe amekufa na atangaziwe. Alikuwa amemkasirikia Kipchoge wa Molo aliyekataa kumjibu. Tulicheka, tukapiga makofi, tukapitisha. Mtu huyo ni nani, Bwana Kipyegon?

Ni wewe.

Basi nikuulize. Mara ya mwisho kunijibu salamu redioni ni lini? Nitakusaidia. Ni mwaka wa 1988. Kwenye harusi tumepeana mikono, kwenye mazishi tumeshika jeneza pamoja, lakini redioni nilikusalimia na kukusalimia na hukujibu hata mara moja mpaka programu ile ya zamani ikafa. Kwa sheria yako mwenyewe wewe ni maiti ya miaka mingi. Mimi nimechelewa tu kutangaza.

Sikufufui. Sheria haina kifungu cha kufufua, hukukipendekeza.

Ni mimi,
Kihara
Katibu (sijaondolewa)

*

Salgaa,
20 Aprili 2025

Shemeji, Katibu wa watu ambao nusu wamezikwa,

Leo ni Pasaka, siku nzuri ya kuandika habari zangu. Linah ametoka kanisani anasema mhubiri alinitazama sana aliposoma lile fungu la kaburi. Ndama Kihara ameharisha, lakini amepona, kwa hivyo usijali. Mahindi tumepanda. Mpongeze Wanjugu, mwambie mjomba wake amefurahi, na akili hiyo ameitoa upande wa mama.

Sasa wewe na sheria yako. Unataka kuniambia umekaa miaka yote hiyo, halafu Februari mwaka huu ukaamka usingizini ukakumbuka sheria? Mimi sikusoma sana lakini sikuzaliwa jana.

Nilimuuliza Makhanu, yeye husikiliza hiyo programu njiani. Aliniambia kadi za salamu zinafika gunia, zingine zinakaa mpaka zinaota ukungu bila kusomwa. Lakini kuna sehemu ya mwanzo inaitwa Waliotangulia. Kadi ya marehemu haipangi foleni! Inasomwa kwanza, inawekewa wimbo mzima bila kukatwa, na mwenye kadi anapigiwa simu aongee hewani. Wewe uliongea hewani, Kihara. Mimi nilikuwa nimeshatoka hotelini kwa hasira, Makhanu alibaki akakusikia. Anasema ulilia vizuri.

Kwa hivyo ulituma kadi za salamu za watu wazima, hazikusomwa. Ukaangalia huku na huku, ukauliza nani kati ya watu wangu anaweza kufa bila gharama. Ukaniona mimi.

Kwani hukuwa na mwingine? Ungeweza kumuua yule Kipchoge wa Molo, tayari tulishamzoesha kufa.

Na usinitajie suruali. Wewe ulikuwa na nywele zile za kupakwa mafuta, zinadondokea kola ya shati mpaka shati likawa na kola mbili, ya kitambaa na ya mafuta. Ulilala kwetu ukiwa na mfuko wa nailoni kichwani. Asubuhi mbuzi wa mama alikulamba kisogo mpaka akaharisha. Mama alisema, huyu ndiye anataka kuoa kwetu? Mimi nilikutetea. Nilisema ni mtu wa mjini. Mungu anisamehe.

Hata huyo dada yangu ulimpataje? Mimi mwenyewe nilimtaja kwenye kadi zangu, "salamu kwa dada yangu Chepngeno popote alipo na kitabu chake mkononi", na wewe ukiwa huko umelala na redio kifuani ukadaka jina hewani kama mtu anayedaka kuku wa jirani. Wiki iliyofuata Daktari wa Mapenzi anamsalimia Chepngeno. Daktari gani? Ulikuwa hujawahi hata kuumwa na hayo mapenzi.

Halafu unauliza kwa nini sikukujibu tangu 1988. Hapo umeuliza na hutapata jibu. Jiulize mwenyewe mtoto wako alizaliwa mwaka gani.

Nifufue. Kila Jumapili watu wanasoma rambirambi. Wa Gilgil, wa Njoro, wa Subukia. Mmoja wa Free Area alisema eti mimi ndiye nilimfundisha kuandika kadi, na wimbo aliochagua ulikuwa ule wenye gitaa mbili zinaongea. Mimi huwa sisikilizi, nilisikia tu nikipita.

Radi, bado namulika

*

Mai Mahiu,
18 Mei 2025

Kwako Bwana Kipyegon,

Hapa kwetu ni baridi lakini afya zipo. Chepngeno aling'olewa jino. Wanjugu alikuja na wajukuu zangu, wakasikiliza kaseti zangu za zamani, mkubwa akaniuliza kwa nini ninazungusha kaseti kwa kalamu. Nikamweleza kwamba tulikuwa tukihifadhi betri kwa ajili ya muziki wenyewe. Akasema, "Guka, mlikuwa maskini." Nikamwambia aondoke mbele yangu.

Kuhusu kulia hewani: nililia kwa sababu wimbo ulikuwa wa kuliza. Usijipe umuhimu.

Hata hivyo, Chepngeno amenikalia. Anasema mtu hawezi kulala kitanda kimoja na muuaji wa kaka yake. Nalala sebuleni, na kochi letu unalijua. Kwa hivyo nimeandika kadi ya kukufufua. Nimeiandika kwa unyenyekevu usiokustahili na nimempa Makhanu kwa kuwa posta siiamini tena. Nakuru mjini haruhusiwi kuingia na trela, ataifikisha Salgaa, ampe mtu anayerudi mjini aipeleke stesheni. Jumapili ijayo utakuwa hai. Hongera.

Lakini kabla sijafunga bahasha, Linah alizungumza na dada yako kwa simu, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Amesema umenunua betri mpya, zile kubwa. Amesema kila Jumapili saa nane unaoga, unavaa shati jeupe la kola ndefu, unabeba redio nyuma ya zizi na kumkataza mtu yeyote kupita. Amesema watu wa Njoro waliposoma kwamba ulikuwa "mwamba wa salamu", ulipiga makofi peke yako.

Marehemu anahudhuria matanga yake! Anapiga makofi!

Nimecheka mpaka kochi likavunjika mguu.

Kihara

*

Salgaa,
1 Juni 2025

Shemeji,

Hatujambo. Mahindi yamefika kwenye goti langu, la Linah halihesabiki. Pole kwa jino la dada. Pole kwa mguu wa kochi, wako ningependelea.

Linah ni mwongo. Betri ni za tochi. Shati jeupe ni la kukimbiza nzi. Makofi yalikuwa ya mbu.

Kuhusu hiyo kadi ya kunifufua, usiwe na haraka sana. Makhanu aliniletea mimi, akidhani mimi ndiye mtu wa kwenda mjini. Iko hapa, chini ya mkebe wa majani ya chai. Nimeisoma. Haifai. Umeandika "ilitokea hitilafu". Hitilafu hutokea kwa transfoma. Mimi niliuawa na mtu. Iandike upya, na ujitaje.

Tena watu wa Molo wamesema Jumapili ijayo ni zamu yao kunikumbuka, wamejipanga, wameandika kadi kama klabu. Na baada yao Elburgon. Sasa nikifufuka katikati si nitakuwa nimewavunjia heshima? Mtu ameshachagua wimbo. Wacha wamalize. Mimi sifanyi hivyo kwa ajili yangu.

Na nikuambie kitu kingine kwa sababu umecheka. Tulipokuwa vijana nilikuwa naandika kadi za salamu kila wiki. Nilizinunua dukani kwa Pritam pale mjini, akaniwekea kabisa, "Radi, zako hizi." Nilisalimia dunia nzima. Wangapi walinisalimia mimi? Wachache. Walinijua kama mtu wa kusalimia, si mtu wa kusalimiwa. Sasa nimekufa kidogo tu, Bonde lote linanitaja.

Hayo hayana maana. Iandike upya kadi.

Marehemu (kwa sasa)

*

Salgaa,
20 Julai 2025

Kihara,

Sikusubiri jibu lako kwa sababu halikuja. Makhanu anasema alikukuta nje umekaa kwenye jua, ukamwambia huna barua, ukaingia ndani. Sawa. Linah mzima. Ndama tumemuuza, usiulize kwa nani, ni mwenye bucha.

Kadi zimeisha. Molo walinikumbuka, Elburgon walinikumbuka, halafu basi. Juma lililofuata walisoma nne, halafu mbili. Watu wamepata marehemu wengine. Kuna mmoja wa Rongai alikufa kweli na hana hata jina zuri, anaitwa Mzee Suti, anasomewa kadi mpaka wimbo unarudiwa. Mimi nimebaki na kadi moja kila Jumapili, ya mtu mmoja tu.

Anajiita Mama Taa wa Gilgil.

Huyu mama amekuwa akiandika tangu mwezi wa tatu, lakini wakati ule alikuwa amefichwa na wengi. Sasa yuko peke yake, anasikika. Nilikuwa nampenda sana. Nilimwambia hata Linah, akanuna. Lakini Jumapili iliyopita ameandika hivi, nimekariri:

"Namkumbuka Radi ya Salgaa usiku ule bendi ya Zaire ilipopiga Nakuru, mwaka wa 1984. Mlinzi wa mlangoni hakuruhusu mtu mwenye ndala za tairi. Radi alicheza nje, peku, kando ya jiko la nyama, na waliokuwa ndani wakatoka kuja kumtazama yeye, wakaiacha bendi. Viatu vyake alikuwa amempa mtu asiyejua kushukuru."

Kihara. Wapishi waliniona. Watu wa ukumbi waliniona. Lakini walidhani mimi ni mlevi tu nimepoteza viatu. Kwa nini nilikuwa peku tulijua wawili. Wewe ndiye uliyekuja na ndala za tairi, umeoga mafuta ya nywele, umeahidi kucheza na dada yangu. Nikavua viatu vyangu vyeupe vya kisigino nyuma ya choo, nikakupa, nikakwambia ukivikanyaga matope nitakukata miguu. Ukaingia. Hukunirudishia. Uliolewa navyo, yaani uliolea ndani yake, sijui inasemwaje.

Huyo Mama Taa ana mdomo wako. Hata mwandiko ni wako, Jepkemei alisema hewani mwandiko wa huyu mama una mikia kama ya ng'ombe.

Umekuwa ukiniandikia kila Jumapili kwa jina la mwanamke. Mtu mzima!

Sitaki kujua kwa nini. Nataka tu kufufuka sasa. Kufa kulikuwa kuzuri watu wakiwa wengi. Sasa nimekufa kwa kweli, hakuna anayenitaja ila muuaji.

Kipyegon

*

Mai Mahiu,
10 Agosti 2025

Kwako Bwana Kipyegon,

Sisi wazima. Simjui huyo mama. Gilgil kuna watu wengi.

Nimempigia simu Jepkemei mwenyewe kumweleza kwamba uko hai. Akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Alisema kila mwezi hupigiwa na mtu anayedai marehemu wake amerudi. Kisha akasema jambo ambalo ningependa ulisome ukiwa umekaa. Programu inafungwa. Wenye stesheni wanataka kipindi cha mpira saa ile. Jumapili ya tarehe 24 ni mwisho. Hapigi simu tena kwa mtu, hasomi gunia tena. Kila klabu ya zamani itasomewa kadi moja tu, ya kuaga. Klabu yetu pia.

Kama katibu, kadi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeianza. Nimeichana.

Nakutumia kadi tupu. Ni mojawapo ya zile za Pritam, nilikuwa nimebaki nayo tangu wakati huo. Kama unataka kufufuka, fufuka mwenyewe. Umenisumbua vya kutosha.

Chepngeno amenirudisha chumbani. Usidhani ni kwa sababu yako.

Kihara

*

(Kadi iliyosomwa Jumapili, 24 Agosti 2025)

Mimi ni Radi ya Salgaa, yule mliyemlilia. Asanteni kwa kulia. Niko hai, nina meno tisa, na anayebisha aje Salgaa aumwe.

Aliyeniua anajijua. Nimemsamehe nusu.

Salamu zangu za mwisho zimwendee mke wangu Linah, goti lake na mengine yote. Zimwendee dada yangu Chepngeno, popote alipo, na kitabu chake mkononi. Zimwendee Wanjugu wa Naivasha, mtoto aliyezaliwa 1988, na watoto wake. Zimwendee Pritam huko aliko, aliyeniwekea kadi. Makhanu wa saruji. Chepchirchir na matumbo yake. Kipchoge wa Molo, ambaye sasa anaweza kujibu. Mzee Suti wa Rongai, pole, nilikuonea wivu. Daktari wa ng'ombe wa Mai Mahiu, kama bado yuko. Dereva wa lori la maziwa la Mai Mahiu. Mlinzi wa josho la ng'ombe la Mai Mahiu. Na mbuzi wa mama yangu, aliyelamba asichokijua.

Ujumbe: mkisikia nimekufa, ulizeni kwanza.

Jepkemei, mwanangu, piga ule wenye gitaa mbili. Usiukate.

*

Mai Mahiu,
25 Agosti 2025

Kipyegon,

Sina salamu leo.

Tulikaa wote kusikiliza. Chepngeno, Wanjugu na watoto, majirani wa pande mbili. Nilikuwa nimewaita. Nimechinja kondoo, ujue hivyo. Niliwaambia, sikilizeni, sasa hivi mtalisikia jina langu. Akasoma Linah, akasoma Chepngeno, watu wakapiga makofi. Akasoma mpaka dereva wa lori la maziwa, ambaye alikufa! Mlinzi wa josho! Nikasema ananiweka mwisho, kwa heshima. Mwisho alikuwa mbuzi.

Mbuzi, Kipyegon.

Watu walinitazama. Mjukuu akaniuliza, "Guka, wewe je?" Nikaenda kuangalia kondoo jikoni na alikuwa ameshaiva kitambo.

Daktari wa ng'ombe, lori la maziwa, mlinzi wa josho. Orodha hiyo nilikaa nayo usiku kucha, nikijua nimewahi kuisikia. Asubuhi Chepngeno akanikumbusha. Ni yangu. Ni kadi niliyotuma alipozaliwa Wanjugu. Nilimshukuru kila mtu aliyetusaidia wiki ile. Nikamaliza nafasi, na kwa mjomba wa mtoto nikasema, huyo ni wa nyumbani, ataelewa. Chepngeno anasema siku hiyo ulikuwa umewaita watu Salgaa kusikiliza. Sikuambiwa kamwe.

Haya, umelipiza. Umefurahi?

Redio imefungwa. Hakuna programu nyingine. Hutaweza tena kunisalimia hata ukitaka, na mimi hutanisikia. Nakutakia afya njema.

Kihara

*

Salgaa,
29 Agosti 2025

Shemeji Kihara,

Hatujambo. Jumapili wamama walirudi na unga, eti wa kufurahi. Safari hii Linah ameushika na hauachi.

Usinililie. Nilichinja kondoo mwaka wa 1988, na wangu alikuwa mkubwa kuliko wako. Nilisimama mbele ya redio na watu wa Salgaa wote, nikawaambia hivyo hivyo, sasa hivi mtasikia. Nikasikia mlinzi wa josho. Kwa hivyo tumekula kondoo wawili wa aibu, mmoja wako, mmoja wangu. Hapo tuko sawa.

Lakini sikukusahau, mpumbavu wewe. Salamu za redio ni za watu walio mbali. Mtu unayemngoja nyumbani humsalimii hewani, unamwekea kiti.

Jumamosi ya tarehe sita Makhanu anapanda bila mzigo. Nimeongea naye, atawachukua wewe na dada yangu pale kwenye chai. Sufuria yake imeoshwa, itakuwa na nyama ndani. Redio niko nayo, betri ziko, na wewe una kaseti. Beba ile ya gitaa mbili, na kalamu.

Ubebe na viatu vyangu vyeupe. Najua unavyo. Chepngeno ameniambia unavipaka rangi kila Krismasi.

Ukivisahau nitakuua, Kihara, na safari hii kadi nitaandika mimi.

Radi